Bingwa wa Figo na Mgonjwa wa Mashine: Maswali Ninayoulizwa Mombasa

Mimi ni nesi wa figo. Miaka 12 sasa nimesimama kando ya mashine za kusafisha damu, kisiwani na bara. Maswali haya sikuyatunga. Ni yale ninayoulizwa koridoni, kwenye foleni ya feri Likoni, na mara nyingine usiku kwa simu. Nimeyaacha kama yanavyosemwa. Mengi yanamhusu daktari kuliko mashine, na ni haki yake. Nimewaona wagonjwa wenye mashine nzuri wakizorota taratibu, kwa sababu hapakuwa na bingwa wa kuwafuatilia.

Mamangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki na mashine haina shida. Bingwa wa nini tena?

Wiki ina saa 168. Figo nzima hufanya kazi saa zote hizo bila kupumzika. Mamako anapata saa 8 za mashine, na katika saa hizo mashine inamtolea uchafu na maji basi. Figo ina kazi nyingine: huagiza damu itengenezwe, huamsha vitamini D ili mifupa isiwe laini, huchunga presha, tena huondoa kila saa fosfeti, madini ya chakula yanayodhuru yakizidi. Hizo mashine haiziwezi, au inaziweza nusunusu. Anayezibeba ni bingwa, kwa dawa na kwa vipimo.

Hata kile ambacho mashine inakiweza, inakifanya kwa amri iliyoandikwa na daktari: alale saa ngapi, damu ipite kwa kasi gani, maji ya kusafishia yawe na potasiamu kiasi gani, atolewe lita ngapi. Sisi manesi tunafuata karatasi. Karatasi ikizeeka, tunafuata karatasi iliyozeeka.

Nitakupa kisa. Zamani, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, tulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo ya Likoni. Kila usiku alikuwa anaamka akihema, analala ameketi kama mtu wa pumu. Presha haishuki, dawa zinaongezwa. Bingwa alikuwa hajafika kituoni kwa miezi mingi. Alipofika aliuliza jambo moja tu: huu uzito mkavu uliandikwa lini? Tukaangalia. Miezi 8. Katika miezi hiyo mama alikuwa amekonda, nyama imekwenda na maji yameingia mahali pake, kwa hiyo kwenye mizani kilo zilikuwa zilezile. Tulikuwa tunamwacha na maji mwilini kila zamu, na tunaandika "yuko sawa". Daktari akamshusha kilo 4 kidogo kidogo kwa wiki mbili. Mama akalala chali. Dawa mbili za presha zikaondolewa. Ile mashine haikuguswa, ni ileile. Nilikuwa zamu siku nyingi katika hiyo miezi 8, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Uzito mkavu ndio nini?

Ni uzito wako ukiwa huna maji ya ziada: miguu haijavimba, pumzi ni safi, presha imetulia. Si namba ya kudumu. Ukila vizuri unanenepa, ukiugua malaria unakonda, na namba lazima ifuate. Mkanda ukianza kulegea au shati kukubana, mwambie nesi siku hiyo hiyo.

Bingwa wa figo ni daktari gani hasa?

Ni daktari aliyemaliza udaktari wa kawaida, akasomea magonjwa ya ndani ya watu wazima au ya watoto, kisha akaongeza mafunzo ya figo peke yake. Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo ni mwingine: huyo ndiye wa mawe na tezi dume. Ukitaka uhakika, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya waliosajiliwa na ubingwa wao, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti.

Mabingwa hawa ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo usishangae ukiona wa kila siku ni nesi na daktari wa kawaida. Hilo si kosa. Kosa ni pale ambapo hakuna bingwa yeyote anayefungua faili lako.

Anipitie mara ngapi?

Nikijibu kama nesi: angalau mara moja kwa mwezi, akiwa na vipimo vya mwezi huo mkononi, na akuone wewe mwenyewe, asione faili peke yake. Mgonjwa mpya aonwe mara nyingi zaidi.

Swali hili limechunguzwa sana ng'ambo. Mwaka 2004 Medicare, bima ya serikali ya Marekani, ilianza kuwalipa mabingwa kufuatana na mara wanazomwona mgonjwa wa mashine kwa mwezi, malipo ya juu yakiwa kwa mara 4 au zaidi. Ziara zikaongezeka. Lakini watafiti walipopima matokeo hawakuona wazi kwamba kuongeza ziara tu kunarefusha maisha. Daktari anayepita kitandani mbiombio akisema "habari, uko sawa?" na kwenda zake, ukimleta mara nne utakuwa na salamu nne.

Faida ilijitokeza mahali pengine. Mgonjwa aliyetoka kulazwa, akionwa zaidi na bingwa katika mwezi ule wa kwanza, alikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi wodini. Na utafiti wa nchi kadhaa ulikuta kwamba vituo ambako daktari hukaa muda mfupi na mgonjwa vilikuwa na vifo zaidi. Huo ni uhusiano, haumaanishi kwamba dakika zenyewe ndizo zinazoponya, lakini unalingana na niliyoyaona.

Fikiria mtu aliyelazwa wiki mbili. Amekonda, uzito mkavu si ule tena. Damu imepungua. Wodini wamembadilishia dawa, nyingine zilitakiwa kupunguzwa dozi kwa ajili ya figo na hazikupunguzwa. Anarudi kwetu na karatasi ya kuruhusiwa ambayo hakuna aliyeisoma. Kama kuna wakati mmoja wa kung'ang'ania kumwona bingwa hata kwa kukopa nauli, ni huu. Beba ile karatasi. Beba na dawa zote kwenye mfuko, hata zile ulizoacha kunywa.

Nimeambiwa figo zimechoka lakini sijafika kwenye mashine. Nimwone sasa au nisubiri?

Sasa. Usingoje kuvimba. Uliza kiwango cha uchujaji wa figo zako, ile namba inayokokotolewa kutokana na kreatinini (uchafu unaopimwa kwenye damu), umri na jinsia. Ikishuka chini ya 30, bingwa anatakiwa awe ameshakujua. Utafiti wa nchi nyingi unakubaliana katika hili: waliomfikia bingwa miezi mingi kabla ya mashine huishi zaidi na hulazwa siku chache kuliko waliofikishwa usiku wakiwa hawajiwezi. Na wapo ambao presha na sukari vikidhibitiwa mapema, mashine inasukumwa mbele kwa miaka.

Kuna na suala la mkono. Tangu 1966, madaktari wa New York walipoonyesha kwamba mshipa wa kupeleka damu unaweza kuunganishwa na wa kurudisha pale kifundoni, muungano huo, fistula, ndio njia bora ya kufikia damu kwa wagonjwa wengi. Lakini fistula haitumiki siku ya kushonwa. Inataka wiki 6 hadi 8, mara nyingi miezi mitatu, inenepe na kukomaa. Aliyechelewa hana miezi hiyo, anawekewa laini ya shingoni, yaani mrija kwenye mshipa mkubwa. Basi ukishaambiwa figo zako ni dhaifu, chagua mkono usioutumia kuandikia na uulinde: usitolewe damu mkono huo, usipimwe presha mkono huo. Sema hata kama nesi wa maabara anakununia. Ukishashonewa, weka vidole juu ya fistula kila asubuhi usikie mtetemo wake. Siku usipousikia, nenda hospitali siku hiyo.

Nina laini ya shingoni na nikiwekwa kwenye mashine natetemeka kwa baridi.

Usijifunike blanketi ukanyamaza. Baridi ya ghafla mashineni kwa mtu mwenye laini ni maambukizi ya damu mpaka ithibitike vingine. Damu itolewe ipimwe kabla ya dawa ya kwanza, na daktari ajulishwe zamu hiyo hiyo. Laini haioshwi bafuni, hailoweshwi baharini, haitumiwi kuwekea dripu na asiyeijua.

Kwa nini nasafishwa mara mbili, na ninasikia wengine ni mara tatu?

Kipimo cha kawaida duniani ni mara tatu kwa wiki, saa 4 kila mara. Kwetu mara mbili ilizoeleka kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalipiwa na NHIF, bima ya afya ya taifa, kabla ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) kuchukua mahali pake Oktoba 2024. Kwa mtu ambaye bado anakojoa vizuri, mara mbili inaweza kumtosha. Kwa asiyekojoa kabisa, ni kuishi pembeni mwa shimo. Hiyo ni kazi ya bingwa: apime mkojo wa saa 24, apime kama usafishaji unafikia kiwango, aseme wazi.

Hatari iko kwenye nafasi ndefu. Wa Jumatatu na Alhamisi hukaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili bila mashine. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 uliona kwamba hata kwa wanaosafishwa mara tatu, vifo hupanda siku inayofuata ile nafasi ya siku mbili. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ndizo siku za kujibana kwa maji na matunda, na ndizo siku za arusi zetu, najua. Malipo yako ya SHA yaangalie kabla hayajaisha muda, maana nimeona mtu amefika kwa zamu yake kutoka Lunga Lunga akarudishwa mapokezini kwa sababu hiyo.

Joto la Mombasa hili, na mnasema tunywe nusu lita tu kwa siku! Na madafu je?

Hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda.

Kwanza maji. Inapofika kaskazi, Januari mpaka Machi, hata mimi mwenye figo zote mbili kiu hainitoki. Lakini hesabu yake ni hii: moyo hauvumilii kunyonywa maji kwa kasi. Kasi ikizidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, vifo huongezeka. Mtu wa kilo 60, kwa saa 4, hiyo ni lita 3 na kidogo. Ukija na lita 5, ama tukuvute mpaka misuli ikakamae na presha ianguke, ama tukuache na 2 kifuani. Mwenye kusema "nesi nitoe zote leo" ajue anachoomba.

Kiu yenyewe inaletwa na chumvi kuliko jua. Punguza achari, samaki wa chumvi, bajia za barabarani, vile vipakiti vya viungo vya supu. Ukipunguza chumvi, kiu inashuka baada ya siku chache bila vita. Nyonya kipande cha barafu, sukutua mdomo uteme, kunywa kwa kikombe cha kahawa badala ya bilauri. Ile "chumvi ya presha" ya dukani usiiguse, nyingi imetengenezwa kwa potasiamu.

Na potasiamu ndiyo inayoua ghafla. Inalegeza miguu, inachanganya mapigo ya moyo, halafu moyo unasimama. Dafu limejaa hiyo. Najua ni letu, najua tumelelewa nalo, na bibi atakwambia linasafisha figo. Kwa figo nzima, mwachie. Kwa mgonjwa wa mashine, dafu ni hatari. Tende, ndizi, ukwaju, embe, mihogo na viazi vinataka hesabu. Mihogo na viazi unaweza kuvipunguza makali: menya, kata vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi, mwaga, ndipo uweke tui jepesi. Mbaazi vilevile, maji ya kwanza yamwagwe. Birimbi lina asidi inayoganda na kuziba figo, kwa hiyo hata mwenye figo dhaifu asiyefika mashineni aliepuke. Na lile tunda lenye pembe tano, linalokatwa likatoka umbo la nyota, lina sumu ya ubongo ambayo mgonjwa wa mashine hawezi kuitoa. Huanza kwa kwikwi isiyokatika, kisha kuchanganyikiwa.

Nifunge Ramadhani?

Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Kitabibu, kufunga kutwa na kufuturu kwa tende na uji na sharubati ni maji na potasiamu vyote kwa mpigo wa saa moja. Bingwa atakwambia hatari ya mwili wako, sheikh wako atakwambia hukumu na fidia. Waulize wote wawili Shaabani, si usiku wa mwezi kuandama. Na zamu ya mashine isirukwe kwa sababu ya saumu.

Kila mara naongezwa chupa ya damu. Ni sawa?

Kama umeshuka sana na unahema, chupa inaokoa. Kama ndiyo mtindo wa kila mwezi, muulize bingwa kwa nini. Figo ndizo zilizokuwa zinaagiza damu itengenezwe, na tangu 1989 iko sindano inayochukua kazi hiyo. Isipofanya kazi, mara nyingi ni kwa sababu madini ya chuma yamekwisha, na chuma cha mshipani ndicho kinachokosekana. Daktari hulenga hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya 10 hadi 11.5, si zaidi sana, maana ikipandishwa kupita kiasi damu huganda. Na kila chupa ya mtu mwingine inaufundisha mwili wako kukataa viungo vya watu. Kijana anayetarajia kupandikizwa figo, kila chupa ni deni.

Maji ya Mombasa yana chumvi. Yanaingiaje kwenye mashine?

Swali zuri, na huulizwa na watu wachache mno. Katika saa 4, takriban lita 120 za maji hupita upande wa pili wa chujio la damu yako. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikifika huko hupasua chembe za damu. Maji ya kisima cha kisiwani yana chumvi. Kwa hiyo kila kituo lazima kiwe na mtambo: mkaa wa kunasa klorini, kisha utando wa kuchuja chumvi na vijidudu. Klorini inapimwa kabla ya kila zamu na kuandikwa. Una haki ya kuomba kuona daftari. Siku za mgao wa maji, uliza pia kama hodhi limejaa kabla hujachomwa sindano, ili usikatishwe saa ya pili.

Miti shamba?

Hapana. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, pia hapana, kama bado unakojoa. Hizo tone mbili za mkojo ni mali.

Daktari, sema kweli. Baba amebakiza miaka mingapi?

Mimi si daktari, lakini nitasema kweli. Hata Marekani, wenye kila kitu, chini ya nusu ya wanaoanza mashine wanakuwa hai baada ya miaka 5. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu zaidi, hasa kwa aliyeanza ghafla kwa laini ya shingoni. Umri, moyo na sukari vinahesabika sana. Na wapo wanaokwenda mbali: mgonjwa wa kwanza wa mashine ya kudumu, fundi mmoja wa Seattle aliyeanza mwaka 1960, aliishi miaka 11 zaidi kwa vifaa ambavyo leo tungeviogopa.

Kwa mzee sana, dhaifu, mwenye maradhi mengi, bingwa mzuri atafungua pia mazungumzo ya kutoanza mashine, au kuisimamisha, na kumtunza asiteseke. Akiyafungua msimfukuze. Keti naye, mwite na mzee mwenyewe. Mara nyingi mzee ana la kusema na hakuna aliyemuuliza.

Na kupandikizwa?

Kwa anayefaa, ni bora kuliko mashine yoyote. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1999 ulilinganisha waliopandikizwa na waliobaki kwenye orodha ya kungoja: baadaye hatari ya kufa ya waliopandikizwa ilikuwa chini kwa takriban theluthi mbili. Kenya hufanywa, Kenyatta na Moi Eldoret zikiwa miongoni mwa hospitali za umma, na figo hutolewa na mtu aliye hai kwa hiari yake. Kununua au kuuza figo ni jinai. Muulize bingwa mapema kama unafaa, msingoje awaambie.

Bingwa akija ana dakika tano kwangu. Nitumie vipi?

Andika kabla, hata nyuma ya risiti. Mimi huwaambia wagonjwa wangu wamuulize uzito wao mkavu ni ngapi na ulibadilishwa lini. Hemoglobini, potasiamu na fosfeti za mwezi huu ziko vipi ukizilinganisha na mwezi uliopita. Usafishaji unatosha? Laini hii ya shingoni itatolewa lini? Dawa ipi sasa naweza kuacha? Mtu wa nyumbani aandike majibu, kwa sababu wewe uko mashineni, umechoka, utasahau kabla hujafika stendi.

Kama hafiki kabisa, mwendee msimamizi wa kituo na uulize tarehe ya ziara yake ijayo na jina lake. Akikujibu "tutaona", rudi zamu inayofuata na mwenzako wa kitanda cha jirani, muulize tena pamoja.